Anayetaka Kununua Mboga

Mwisho wa mwezi uliopita niliwaandikia wasomaji wenzangu maoni yangu juu ya vitabu vitatu vipya, kama nifanyavyo kila mwezi. Kundi letu liko kwenye simu. Wengi ni vijana wa hapa Machakos mjini na wengine wanafanya kazi upande wa Kinanie na Athi River, na mzee wao ni mimi. Cha kwanza, niliandika, ni riwaya ya msichana aliyeajiriwa kwenye kiwanda cha ngozi. Mazungumzo yake yana chumvi, ila mwandishi anapenda mvua kupita kiasi. Kila mtu akihuzunika lazima inyeshe, na sisi wa huku tunajua kwamba mtu anaweza kuhuzunika mwaka mzima bila tone kuanguka. Onyo: mke anapigwa katika sura ya tano, na mbwa anakufa karibu na mwisho. Cha pili ni mkusanyiko wa hadithi fupi, saba nzuri na mbili za kujaza kurasa. Onyo: ile ya nne ina mama anayepoteza mimba, na imeelezwa polepole. Cha tatu sikukimaliza, na nikakiri hivyo. Onyo: kinachosha. Hazikupita dakika tano, msichana mmoja anayeitwa Mwende, mwepesi wa vidole, akanijibu: "Anti Mueni, kwani wewe ni wa kutuharibia utamu? Sasa nitasoma aje na nishajua mbwa atakufa?" Wenzake wakacheka kwa vile vikatuni vyao vya kutoa machozi. Nilianza kumwandikia jibu, na lilikuwa jibu kali kidogo, nikafika mstari wa tatu simu ikalia. Alikuwa Mbithe, binti wa rafiki yangu wa zamani, kutoka Mwala. "Anti," akasema, "mama ametuacha asubuhi." Jibu la Mwende liko bado kwenye simu, halijatumwa. Nadhani sura hii ndiyo jibu lenyewe, ingawa imekuwa ndefu kuliko alivyouliza.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule niliotimiza miaka ishirini na mmoja. Nilitokaje kwetu na nani alinileta mjini si mambo ya hapa. Tuseme tu nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga chini ya soko, kitanda, jiko la mafuta na ndoo mbili, na kazi ya kuuza katika duka la vitabu. Duka lilikuwa jembamba na refu, lenye giza mwishoni, na lilinukia karatasi mpya na wino, harufu ambayo hadi leo ikinipata ghafla naona njaa. Riziki yetu ilitoka kwenye vitabu vya shule na madaftari. Lakini karibu na mlango kulikuwa na rafu moja ya riwaya mpya, na mwenye duka, mzee mkimya aliyekuja kutoka Murang'a, alikuwa na imani kubwa nayo kuliko ilivyostahili. Kila Ijumaa jioni aliniruhusu kuchukua kitabu kimoja kipya nyumbani, nikivike gazeti, nikisome, nikirudishe Jumatatu bila kona iliyokunjwa. "Mtu akikuuliza hiki ni cha nini," aliniambia siku ya kwanza, "usimwambie ni kizuri. Kila muuzaji anasema ni kizuri. Mwambie kiko na nini ndani." Nimeishi na sentensi hiyo maisha yangu yote, na sidhani aliwahi kujua alinipa kitu.

Jumamosi tulifunga saa saba. Nilivuka barabara na kuingia kwa Mama Ndinda, fundi wa sare za shule, nikapita cherehani mbili za mbele na marundo ya sketi za kijani, nikafika chumba cha nyuma. Huko walikuwa wanawake sita, kila mmoja na kikapu chake cha kiondo, wakisuka. Dirisha lilikuwa moja, na pazia lake lilikuwa kipande cha kitambaa cha sare, hivyo mwanga wa alasiri ulioingia ulikuwa wa kijani na ulilala juu ya mikono yao. Nyuzi za mkonge zilining'inia kutoka magotini, nyekundu na nyeusi na zile za rangi ya nyasi kavu. Palikuwa na chupa ya chai, sahani ya viazi vitamu vilivyochemshwa, na maneno yaliyokuwa yameanza kabla sijaingia: nani ameolewa wapi, ng'ombe wa nani amevunjika mguu, dawa gani ya kikohozi ni maji tu. Kisha Mama Ndinda angesema, "Haya, mwalimu amefika," ijapokuwa sikuwa mwalimu wa yeyote, na kimya kingetanda. Nilisoma kwa sauti kile nilichokuwa nimekisoma usiku wa Ijumaa. Kikiwa cha Kiingereza nilikigeuza Kiswahili nikiendelea kusoma, na Kiswahili kikinikwama niliingia Kikamba bila aibu. Zile saa tatu nikizikumbuka sasa naona hazikuwa na ukingo. Mikono ilikwenda, sauti yangu ilikwenda, na mahali fulani mbele ya duka msaidizi wa Mama Ndinda alikanyaga cherehani kidogo kidogo, asitusumbue.

Chumba kile kilikuwa na kanuni moja, na aliyeiweka ni Mama Ndinda. Kabla sijafungua kitabu nilipaswa kusema kilicho ndani kwa siku hiyo. "Leo kuna mwanaume anapiga mkewe." "Leo kuna moto." "Leo kuna mtoto anakufa." Kisha Mama Ndinda angesema, akiangalia kazi yake, "Anayetaka kwenda kununua mboga, aende saa hii." Na mmoja angeinuka, au wawili, wakajifunga leso na kutoka. Hakuna aliyewatazama wala kuwauliza. Kulikuwa na sharti moja tu: aliyetoka lazima arudi na kitu mkononi, kitunguu, nyanya mbili, fungu la sukuma, ili maneno aliyotoka nayo yawe ya kweli. Akirudi, mimi ningesimama kidogo nimwambie tumefika wapi, "Tumefika mahali wanahama," naye angesema "Endelea," akakaa, akachukua kiondo chake. Niliwahi kumuuliza Mama Ndinda kanuni hiyo ilitoka wapi. Akauma uzi kwa meno, akasema, "Si lazima mtu alie mbele ya watu ndio tujue alisikia."

Bila shaka mimi niliyejua kila kitu kilichokuwa kinakuja, nilijua pia nani alitoka lini. Hilo sikuliomba. Mwanamke mmoja mnene, mcheshi kuliko wote, alitoka kila palipokuwa na mume mlevi. Mwingine hakuweza kusikia habari za hospitali. Mama Ndinda mwenyewe, mwenye kanuni, alitoka mara moja tu mwaka ule, siku ya kitabu chenye dada wawili wasiosemezana, na akarudi na kabichi kubwa ambayo hakuna aliyejua aifanyie nini. Nilirudi chumbani kwangu nikiwa na siri za watu ambazo hakuna aliyeniambia. Nilijiona mkubwa kwa ajili hiyo, naona haya kusema.

Niliyempenda kuliko wote alikuwa Kalekye. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mwembamba, shingo ndefu, na alipanga chumba katika ploti iliyo nyuma ya duka la Mama Ndinda. Mumewe, Nzioka, alifanya kazi kiwandani Athi River na kurudi kila Jumamosi jioni. Wanawake wengine mle ndani waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama fulani na Mama fulani. Yeye peke yake aliitwa Kalekye, na aliyejaribu kumwita vinginevyo alikosolewa kwa upole. Jambo hilo lingemtosha mtu mwenye akili kidogo kuelewa. Lakini mimi nilimpendea masikio yake. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vile, kabla wala baadaye. Aliwajibu watu wa kitabuni kana kwamba wako mlangoni. "Wewe, usimfungulie huyo!" "Huyo mwanaume ni muongo, si umesikia vile viatu vyake viko safi?" Na alikuwa na maoni juu ya waandishi. "Huyu hajawahi kukamua mbuzi," alisema siku moja katikati ya ukurasa, "mbuzi hasimami hivyo," na riwaya ile, iliyosifiwa nyuma ya jalada kwa maneno makubwa, haikupona tena machoni mwetu. Usiku wa Ijumaa nilipokuwa nasoma peke yangu kwenye taa, nilikuwa nikifika mahali pazuri najikuta nasema, hapa Kalekye atacheka, hapa atagonga goti. Nilisoma kwa ajili yake. Na kila niliposema "leo kuna mtoto anakufa," yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujifunga leso. Nilijua, basi, kwamba amepoteza mtoto. Alimpoteza vipi sikujua.

Mwezi wa tisa kilikuja dukani kitabu cha jalada la kahawia, chembamba, nakala moja tu. Kilihusu mwanamke wa nchi kame, mume yuko mbali, mbuzi wachache, mtoto wa kiume wa miaka mitano anayeuliza maswali yasiyoisha. Nilikisoma usiku mmoja na sikulala. Katikati kulikuwa na sura ambayo hadi leo sijasoma nyingine kama hiyo. Mtoto anafuata nyayo za mama hadi mto wa mchanga, mahali watu wanapochimba visima kufikia maji, na nyayo zake zinafika kwenye ukingo wa kisima kimoja na haziendelei. Mwandishi hakupiga kelele wala kunyesha mvua. Alihesabu nyayo tu. Nililia, na nilipomaliza kulia nikawa na furaha ya ajabu, ile ya mtu aliyeokota kitu cha thamani na anajua atakayemwonyesha. Nataka niandike wazi nilichofanya, kwa sababu kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilijua nikisema "leo kuna mtoto" Kalekye atatoka, na nilitaka asikie. Nilijiambia kwamba uzuri wa sura ile utampoza. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na niliamini kitu kikiandikwa vizuri hakiwezi kuumiza mtu.

"Leo kuna nini?" Mama Ndinda aliuliza Jumamosi ile.

"Leo kuna ukame," nikasema. "Na mume haandiki barua."

Wakacheka, maana mume asiyeandika barua hakuwa habari kwa yeyote. Hakuna aliyeinuka. Nikaanza. Kalekye alikuwa amefika karibu na mdomo wa kiondo chake, pale mistari myekundu inapoingia, na alikuwa na raha siku hiyo. Mtoto wa kitabuni alipouliza kwa nini punda hana pembe, alisema, "Huyu atakuwa wakili," na akasuka haraka zaidi. Nikaendelea. Mama akachukua mtungi. Mtoto akaachwa na bibi, bibi akasinzia. Nyayo zikaanza kuhesabiwa kwenye mchanga. Nilisikia sauti yangu mwenyewe jinsi ilivyokuwa nzuri. Nilipoinua macho kuona uso wake, hakuwa ananitazama mimi. Mikono yake ilikuwa bado inasuka, inasuka kwa kasi, uzi mweusi ukipita mahali pa mwekundu, raundi baada ya raundi, na yeye haoni. Nilisoma sentensi mbili zaidi. Hizo mbili ndizo sijajisamehe. Kisha akasimama, akaweka kiondo chini, na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wacha niende ninunue mboga."

Hakujifunga leso. Tulisikia mlango wa mbele. Tulingoja, chai ikapoa, na hakurudi. Wanawake walikusanya nyuzi zao mmoja mmoja bila kuagana. Tulipobaki wawili, Mama Ndinda akaniuliza, "Ulikuwa umesoma?"

"Nilikuwa nimesoma."

"Ulijua kiko na nini?"

"Nilijua."

Aliokota kiondo cha Kalekye, akakitazama ule mstari mweusi uliopita mahali pasipo pake, akakikunja akakiweka kwenye kabati la vitambaa. "Basi enda nyumbani, Mueni," akasema. "Usikuje Jumamosi mpaka nikuite." Hakunikemea. Ningependa angenikemea.

Wiki zilizofuata ninazikumbuka kama mtu anavyokumbuka homa. Kalekye alijifungia siku tatu, kisha nikasikia kwa jirani yake kwamba amebeba godoro na vyombo na kurudi Mwala, kwenye shamba la mumewe. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilichelewa. Jumamosi nilikaa kitandani nikisikiliza cherehani ng'ambo ya barabara, na vitabu nilivyoleta viliniambia nini sijui, nilipitisha macho tu. Dukani wateja waliniuliza hiki kiko na nini, nikajibu, na mwenye duka akanisifu kwa kuwa makini zaidi. Kitabu cha jalada la kahawia nilikiuza mwenyewe, kwa mwalimu mmoja wa kike. Nilimwambia, "Kuna mtoto anaanguka kisimani, katikati." Akanitazama, akafikiri, akakinunua. Nilimwona akivuka barabara nacho chini ya kwapa, na ndipo nikaelewa, nimesimama pale nyuma ya kaunta, kwamba kuambiwa hakukumfukuza. Alikichukua akijua anachobeba. Nilifunga duka siku hiyo nikiwa na mpango wa kwenda Mwala.

Nilikwenda Jumapili, mwezi wa kumi na mbili. Kutoka kituoni nilitembea na mwanamume mwenye mkokoteni wa punda aliyekuwa anapeleka maji, na yeye ndiye aliyenionyesha nyumba. Kalekye hakuwepo. Nilimkuta chini ya mteremko, kwenye mto wa mchanga, karibu na bwawa lililojengwa kuzuia mchanga ili maji yakae chini yake. Alikuwa ameketi tu, miguu imenyooka, viatu kando. Mbuzi wawili walikuwa wanalamba mahali penye unyevu. Mchana ule ulikuwa mweupe, na hapakuwa na upepo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanitoka.

"Mueni," akasema bila kugeuka, "kaa. Ni moto hapo umesimama."

Nikakaa. Nikamwambia, "Nilijua. Sikusahau, nilijua, na sikusema." Nilianza kulia, na yeye akaniacha nilie kwa muda aliouona unatosha.

"Miaka minne sijakanyaga hapa," akasema. "Nilihama kwa sababu ya hapa. Halafu wewe unakuja na kitabu chako. Nikatoka kwa Mama Ndinda nikatembea mpaka stendi bila hata shilingi, nikarudi. Na usiku nikilala, niko hapa. Kila siku niko hapa, kwa ukingo. Kwa sababu nilitoka kabla haijaisha." Sasa akanigeukia. "Sijui nikushukuru ama nikuchape. Lakini kwanza niambie. Walimtoa?"

Kitabu sikuwa nacho. Hakuna aliyekuwa nacho maili nyingi kutoka pale. Ningeweza kusema walimtoa, alitapika maji, akauliza swali lingine la punda. Nilikuwa na uwezo wa kumtoa yule mtoto kisimani kwa sentensi moja, na Mungu anajua niliifungulia mdomo. Nilimwangalia Kalekye, ile shingo, yale masikio. Angejua. Aliyejua mbuzi hasimami vile angejua.

"Dada Kalekye," nikasema, "kuna mahali pagumu hapa. Ni mtoto, na ni mchanga, na wanachimba mpaka jioni. Ukitaka kuinuka, inuka."

Akatazama mto. Mbuzi mmoja akaja akanusa viatu vyake, akamsukuma kwa mkono.

"Endelea," akasema.

Nikamsimulia. Jinsi majirani walivyokuja na mabakuli na sufuria, wengine na mikono mitupu, jinsi mchanga ulivyorudi kila walipoutoa, jinsi mtu mmoja alivyoendelea kuimba ili wachimbe pamoja. Jinsi walivyomfikia jua likizama, na alikuwa ameshaondoka. Sikuongeza pambo hata moja. Alisikiliza ameshika vifundo vya miguu yake, akiyumba kidogo.

"Na mama yake?" akauliza. "Alifanya nini?"

"Aliwasha moto akapika. Watu walikuwa wamechimba siku nzima. Akawapikia wote, akawagawia, akaosha sufuria. Ndio sura inaisha hapo."

Alitoa sauti ambayo nilidhani ni kilio, na ilikuwa kicheko, au vyote viwili. "Muthokoi," akasema. "Mimi nilipika muthokoi. Sufuria mbili. Watu wa Nzioka wakasema huyu ni mama gani anapika siku ya leo. Na walikula!" Akapangusa uso kwa ukingo wa gauni. "Huyo mwandishi aliambiwa na nani?" Nilisema sijui. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya Jumamosi, ya kutoa hukumu, "Kitabu ni kizuri. Wewe ndio ulikuwa mbaya."

"Ndiyo."

"Usiwahi kunifanyia hivyo tena. Mimi siogopi kusikia. Nataka tu kujipanga."

Aliniambia jina la mtoto siku hiyo, Musyoka, na kwamba alikuwa na miaka minne na nusu na kwamba alichukia kuvaa shati. Aliniambia pia kuhusu Nzioka, ambaye tangu siku ya maziko hakuwahi kulitaja jina hilo. "Lakini anajua mambo ya kwa Mama Ndinda," akasema. "Akifika Jumamosi kitu ya kwanza anaangalia ni meza. Akikuta kitunguu, ananichotea maji ya kuoga. Akikuta sukuma na nyanya na kitunguu, anachota na anapasha moto. Haulizi. Siku ile yako hakukuta kitu, ni mlango umefungwa, akakaa hapo nje mpaka nikafungua." Tulipanda mteremko pamoja. Alinipa muthokoi uliobaki wa jana, na mahindi yake ya kukoboa na maharagwe yalikuwa yamelainika sana, nikala sahani mbili kwa aibu na njaa. Nilipokuwa naaga nikamwita dada Kalekye, kama siku zote. Akanishika mkono. "Niite Mama Musyoka," akasema.

Alirudi kwa Mama Ndinda mwezi wa kwanza, akafungua kabati, akachukua kiondo chake. Nilidhani atafumua ule mstari mweusi. Hakuufumua, alimalizia mdomo juu yake na kukitumia kwenda sokoni mpaka kikaisha. Mwaka uliofuata alimzaa Mbithe, na baadaye mdogo wake. Mimi niliendelea kusoma na kusema kilicho ndani, kwanza mle chumbani, kisha popote nilipokuwa, na siku hizi kwenye simu. Wapo waliotoka nikawa sijui kwa nini walitoka, na sikuwauliza.

Basi wiki iliyopita nilikwenda Mwala tena. Mahema yalikuwa yamewekwa uani, viti vya plastiki vimepangwa. Mama Ndinda alitutangulia zamani, na katika wale wengine wa chumba cha nyuma sikuona hata mmoja. Mbithe alinikabidhi karatasi mbili. Ulikuwa wasifu wa mama yake, na mama yake mwenyewe alimwamuru aandike kila neno, akiwa kitandani. Juu kabisa, kabla ya jina, palikuwa na mstari: Mueni ndiye asome, na aseme kwanza. "Sisi hatukuelewa hiyo ya kusema kwanza," Mbithe akanong'ona. "Na anti, ona hapo chini. Amemweka Musyoka. Amesema yote, kisima na kila kitu. Baba hajawahi kutamka hilo jina, hata sisi tulikatazwa. Nifute?" Nilimtazama Mzee Nzioka, ameketi mstari wa mbele na koti lake kubwa, mikono juu ya magoti. Nikamwambia Mbithe asifute kitu.

Nilipoitwa, nilisimama na kushika kipaza sauti. "Kabla sijaanza," nikasema, "kuna mtoto ndani ya karatasi hii. Yuko karibu na mwanzo, na kuna kisima. Anayetaka kwenda kununua mboga, aende saa hii. Hakuna atakayemuuliza."

Watu wakaangaliana. Mchungaji akainua uso kutoka kwenye Biblia. Vijana waliokuwa nyuma wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu Mzee Nzioka alikuwa anainuka. Alichukua fimbo yake. Mbithe alitaka kumfuata, nikamzuia kwa mkono. Mzee alipita mbele ya watu wote, polepole, akazunguka kona ya nyumba kuelekea nyuma jikoni, na akatupotea machoni. Nikasoma. Nilisoma alizaliwa wapi na aliolewa lini. Nilisoma Musyoka, miaka minne na nusu, aliyechukia shati. Nilisoma mchanga, na watu waliochimba, majina yao yote, maana alikuwa ameyakumbuka yote akawashukuru mmoja mmoja. Nilisoma sufuria mbili za muthokoi. Wapo wazee waliosikia majina yao wakainamisha vichwa. Sauti yangu haikuwa nzuri siku hiyo.

Nilikuwa nimegeuza karatasi ya pili alipotokea tena pembeni mwa nyumba. Fimbo ilikuwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa na fungu la sukuma, limetoka kuchumwa kwenye bustani ya mkewe, na bado lilikuwa na udongo. Alipita tena mbele ya watu wote, akafika kwenye kiti chake, akaketi, akaliweka magotini. Nikaacha kusoma.

"Tumefika mahali Mbithe anazaliwa," nikamwambia.

Aliyanyoosha yale majani kwa kiganja, moja baada ya jingine.

"Endelea," akasema.